DIPTERA: WADUDU WA MABAWA MAWILI

Yeyote aliyepata kusoma kitabu cha elimu ya wadudu, au kumsikiliza mtaalamu akizungumza juu ya maradhi ya pwani yetu, hakosi kukutana na neno Diptera. Ni neno la kigeni, lakini maana yake ni nyepesi kabisa. Latoka katika Kiyunani cha kale: "di" ni mbili, na "ptera" ni mabawa. Basi Diptera ni wadudu wenye mabawa mawili. Mwanachuoni Aristotle wa Uyunani alilitumia jina hilo zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Na mwaka wa 1758 Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyewapanga wanyama na mimea katika jamaa na koo zao, alilichukua jina lile lile, na hata leo halijabadilishwa.

Huenda msomaji akauliza, kuna ajabu gani katika kuhesabu mabawa ya inzi? Ajabu ipo. Wadudu wengi warukao wana mabawa manne. Mtazame kipepeo, ana manne. Kereng'ende ana manne, na kumbikumbi vivyo hivyo, ndiyo hayo tuyafagiayo mlangoni asubuhi baada ya mvua. Nyuki naye ana manne, ijapokuwa yale ya nyuma ni madogo na yameshikana na ya mbele kwa vikulabu, hata asiyeangalia vizuri hudhani ni mawili. Mbawakawa huficha mawili laini chini ya mawili magumu. Lakini inzi na mbu na ndugu zao wana mawili tu. Waingereza wamejitia taabu katika jambo hili, kwani kipepeo kwao huitwa inzi wa siagi na kereng'ende huitwa inzi wa joka, wala hakuna hata mmoja wao aliye inzi. Kosa letu sisi Waswahili ni la upande wa pili. Inzi, mbu, mbung'o, usubi, pange, kila mmoja tumempa jina lake, wala haitupitii akilini kwamba wote ni watu wa ukoo mmoja. Wataalamu wamekwisha kueleza aina zaidi ya 150,000 za ukoo huo.

Basi yale mabawa mengine mawili yamekwenda wapi? Hayakupotea. Mahali yalipopasa kuwa pana vijiti viwili vidogo vyenye kichwa, mfano wa mikwiro ya ngoma, navyo huitwa halteri. Inzi arukapo, halteri hupiga pamoja na mabawa, moja likienda juu lingine likienda chini, na mizizi yake yenye fahamu humwambia inzi kila anapopinduka au kwenda mrama. Mchungaji mmoja Mwingereza, William Derham, aliandika mwaka wa 1714 kwamba inzi akiondolewa vijiti hivyo hawezi tena kuruka sawasawa. Meli kubwa zinazoingia Kilindini zina chombo kizungukacho cha kushika mwelekeo. Inzi alikuwa na cha kwake kabla ya mwanadamu kuchonga mtumbwi wa kwanza. Ndiyo sababu mtu humpiga kwa gazeti akamkosa mara tatu. Hupiga mabawa kama mara 200 kwa sekunde moja. Mbu jike hupiga mara 400 na zaidi, na kwa hiyo sauti yake ni nyembamba kuliko ya inzi, kama mnavyojua nyote mliokeshwa nayo.

Lakini mabawa si yote. Jamaa hii ina jambo jingine la kushirikiana, nalo ndilo lenye faida kubwa kwetu tukaao Likoni, Kisauni na Changamwe. Mtoto wa mende hufanana na mama yake, tena hula chakula kile kile. Mtoto wa inzi au wa mbu hafanani na mzazi hata kidogo. Ni buu asiye na miguu, aishiye mahali pengine kabisa, penye maji au unyevu au uozo. Kisha hujifunika katika ganda, na humo hujengwa upya hata atoke na mabawa. Mzazi huruka apendapo na kumwua ni kazi bure, maana umwuapo mmoja huja kumi. Buu hana mabawa. Yuko pale pale, na mara nyingi ni sisi wenyewe tuliomwandalia makao.

Zamani watu waliamini kwamba funza hutokana na nyama yenyewe. Mimi nilipokuwa mtoto niliambiwa hivyo, wala sikuwa na sababu ya kukataa, kwa kuwa niliwaona kwa macho yangu. Daktari wa Kiitalia, Francesco Redi, ndiye aliyeuliza swali katika mwaka wa 1668. Alitia nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa. Nyama yote ikaoza, lakini funza wakaonekana katika vyombo vilivyo wazi tu. Inzi walikuja juu ya kitambaa wakahangaika, wakakosa njia. Bibi zetu waliosuka makawa ya ukindu ya kufunikia vyakula hawakupata kusikia habari za Redi, walakini kazi waliyoifanya ni ile ile.

Sasa tumwangalie inzi wa nyumbani. Jike hutaga mayai kama mia moja au zaidi kwa mara moja, na katika maisha yake huweza kufikisha 500. Katika joto la Mombasa mayai huanguliwa kabla ya siku kwisha. Mabuu hula katika takataka au kinyesi kwa siku nne au tano, kisha hutafuta mahali pakavu, hujichimbia, na kugeuka kuwa kama punje nyekundu ya mtama. Baada ya siku chache hutoka inzi mpya. Yote hayo hutimia kwa muda wa siku kumi hivi. Hesabu hiyo yatuonyesha kwa nini wataalamu wa usafi husema kwamba katika nchi za joto taka ziondolewe mara mbili kila juma: yaani buu abebwe pamoja na taka kabla hajapata nafasi ya kujichimbia. Jaa la mtaani likiachwa majuma mawili limekwisha kulea kizazi kizima, nacho kimetawanyika majikoni. Watu wa Changamwe walioishi na jaa la Kibarani kabla halijafungwa na kupandwa miti hawahitaji kuelezwa, wala jirani za Mwakirunge, upande wa Kisauni.

Inzi hawezi kutafuna. Mdomo wake ni kama sifongo, na chakula kikavu hukitapikia mate kwanza ili kilainike, ndipo akinyonye. Miguu yake ina manyoya na gundi. Ukijumlisha hayo na safari yake ya kutoka chooni hadi kwenye sahani ya samaki wa kukaanga karibu na kivuko cha Likoni, utajua kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo hupata njia gani. Wahenga walisema inzi kufia juu ya kidonda si haramu. Mithali hiyo yasifu mtu afiaye alipendalo, lakini pia ni elimu ya kweli: inzi hupenda kidonda kwa kuwa humo mna unyevu na lishe ambayo jike hutumia kufanyiza mayai. Macho ya mtoto yenye tongo humvuta vivyo hivyo, na huko ndiko trakoma ipitako.

Choo cha shimo kina dawa nzuri iliyobuniwa huko Zimbabwe katika miaka ya 1970. Hutiwa bomba refu la kutolea hewa, lenye wavu mdogo juu, na ndani ya choo huachwa giza. Inzi aliyezaliwa shimoni huufuata mwanga wa bomba, hufika kwenye wavu, na huko hufa. Wako watu wanaojenga bomba na kusahau wavu. Hao wamewajengea inzi mlango.

Twende kwa mbu. Katika bara ya Mombasa wako wa namna tatu tunaopaswa kuwajua, na kila namna hupenda maji yake. Anofelesi, mwenye malaria, huuma usiku na hupenda maji ya madimbwi yasiyo na uchafu mwingi. Yuko hata mmoja wa jamaa yake avumiliaye maji ya chumvi kidogo karibu na mikoko. Kuleksi, yule mwenye kelele wa usiku, hupenda mitaro michafu na mashimo ya vyoo, naye ndiye mchukuzi mkubwa wa minyoo ya matende na mabusha mijini. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walimwaga chembe nyepesi za plastiki, zile zinazofungiwa vyombo visivunjike, juu ya maji ya vyoo vya shimo. Zilielea na kufunika maji kama blanketi. Viluwiluwi wakakosa pa kupumulia, na mbu wakapungua sana. Chembe hizo hazikuoza, zikakaa pale pale mwaka baada ya mwaka.

Wa tatu ni Aedesi, mwenye madoa meupe miguuni, na huyu yafaa tumkalie kidogo. Yeye huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, na kwa hiyo chandarua, ambacho ni ngao njema ya malaria, hakimzuii kumwuma mama aliye uani akiosha vyombo wala mtoto aliye darasani. Huchukua homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidinga popo, na chikungunya.

Majina yote mawili yametoka kwetu. Katika mwaka wa 1870 maradhi ya homa na maumivu ya viungo yaliingia Unguja, na Dk. James Christie, aliyekuwa tabibu huko, aliandika kwamba watu waliyaita kidinga pepo, na wazee walikumbuka kwamba yalipata kuja mwaka wa 1823. Wataalamu wengi husema kwamba jina dengue, linalotumika sasa duniani kote, lilizaliwa katika neno hilo la Kiswahili na kuvuka bahari hata visiwa vya Karibi. Wako wasemao kwamba ugonjwa wenyewe wa siku zile ulikuwa chikungunya, kwa jinsi viungo vilivyouma. Neno chikungunya ni la Kimakonde, lenye maana ya kupinda mwili. Lilianza kuandikwa baada ya mlipuko wa mwaka wa 1952 na 1953 katika nchi ya juu ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Katika mwaka wa 2004 ugonjwa huo uliishika Lamu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba kadiri ya watu watatu katika kila wanne waliambukizwa. Haukukawia kufika Mombasa, kisha ukavuka hadi Ngazija, Réunion na Bara Hindi. Ulirudi Mombasa mwishoni mwa 2017. Dengi nayo iliwaandama watu wa Mombasa mwaka wa 2013, na imerudi tena tangu hapo.

Kwa nini Mombasa? Jibu moja limo ndani ya pipa. Bomba la maji kutoka chemchemi za Mzima lilikamilishwa mwaka wa 1957, na yako mabomba ya Marere na ya Baricho, lakini mji umekua kupita mabomba yake. Mfereji ukikauka siku tatu, mwenye nyumba wa Mishomoroni au Chaani hujaza kila chombo alicho nacho: mitungi, ndoo, madumu, mapipa. Hafanyi kosa, afanye nini? Bali Aedesi hutaka maji safi yaliyotulia, karibu na watu, na hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Chombo hukauka, hukaa gizani, na siku kitakapojazwa tena mayai huanguliwa. Kwa sababu hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo kisuguliwe ndani kila juma, na kifunikwe kwa kifuniko chenye kubana au kitambaa kilichofungwa vizuri. Matairi makuukuu yaliyolundikwa kando ya barabara ya magari ya mizigo, kutoka Changamwe hata Miritini, hufanya kazi ile ile kwa mvua, na vifuu vya nazi vilivyotupwa chini ya minazi ya Mtongwe havipungukiwi.

Karibu sana nasi, huko Rabai, mahali ambapo Krapf alijenga misheni yake mwaka wa 1846, limegunduliwa jambo ambalo wataalamu wa dunia nzima hulitaja. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba Rabai wako Aedesi wa nyumba mbili: weusi wa msituni, wanaozaa katika mashimo ya miti na kupenda damu ya wanyama, na wekundu-wekundu wa majumbani, wanaozaa katika mitungi na kupenda damu ya watu. Wote ni aina moja na huweza kuzaana. Katika mwaka wa 2014 Lindy McBride na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya mbu waliochukuliwa huko. Waligundua kwamba wale wa nyumbani hunusa kwa nguvu zaidi kitu kimoja kiitwacho salkatoni, ambacho kimo kwa wingi katika harufu ya mwili wa binadamu. Wataalamu hudhani kwamba tabia ya kupenda watu ilianza Afrika katika nchi zenye kiangazi kirefu, ambako mbu asiyefuata mtungi wa mtu hakupata maji ya kutagia.

Nako bandarini yapasa tufungue macho. Mwishoni mwa 2022 anofelesi mgeni kutoka Asia alionekana katika kaunti ya Marsabit. Huyo, tofauti na wenyeji, hupenda matangi na mapipa ya mjini kama Aedesi. Akifika kwetu, malaria itakuwa imepata kitanda katika vyombo vile vile.

Wenye mashamba ya miembe wana adui mwingine wa mabawa mawili. Mwaka wa 2003 inzi wa matunda kutoka Asia alionekana kwa mara ya kwanza katika Afrika, na mahali penyewe palikuwa pwani ya Kenya. Alipewa jina jipya, mpaka mwaka wa 2015 ilipothibitishwa kwamba ndiye yule yule wa Asia aliyejulikana tangu zamani. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga ndani. Nje tunda laonekana zuri, ndani limejaa mabuu. Kwa ajili yake Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya mwaka wa 2014, na haikuanza tena hata mwaka wa 2021. Wengi huwakasirikia wanunuzi wa Kongowea wanaokata embe moja kabla ya kununua tenga, lakini mnunuzi hana kosa. Embe lililoanguka na kuachwa chini ndilo kiwanda, maana buu hutoka humo na kuingia mchangani. Lizikwe kwa kina cha nusu mita, au litiwe katika hema la wavu ambalo inzi hawezi kupenya bali nyigu wadogo walao mabuu yake hupenya. Nyigu wa namna hiyo waliletwa kutoka Hawaii na chuo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ICIPE, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Na mtu asisahau mkungu wake wa kivulini, kwani kungu zinazodondoka uani humlisha inzi huyu pia.

Mbung'o tumtaje kwa ufupi, ijapokuwa ng'ombe wa Kwale, karibu na misitu ya Shimba, wangetaka tuseme mengi. Yeye ni kinyume cha ndugu zake: hatagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni, humnyonyesha kwa maziwa ya mwili wake, humzaa akiwa amekwisha kukua, na buu huingia ardhini papo hapo. Mama wa watoto wachache hushindwa upesi. Huko Unguja, kati ya 1994 na 1997, ndege ziliangusha zaidi ya mbung'o madume milioni 8, waliofugwa Tanga na kuharibiwa uzazi kwa mionzi. Majike waliopandwa na madume hao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alikamatwa Septemba 1996.

Yuko pia yule inzi ambaye mabuu yake huingia katika ngozi ya watu na kufanya jipu lenye tundu. Hutaga katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, hasa nepi za watoto. Dawa ni pasi ya moto, pande zote mbili za nguo, hasa kwenye mishono.

Tusimalize kwa kuwalaumu wote. Yuko inzi askari mweusi, mrefu kama nyigu, asiyesumbua majikoni wala kuchukua maradhi ya watu. Mabuu yake hula maganda, mboga zilizooza na mabaki ya matunda kwa pupa isiyo ya kawaida, kisha wenyewe huwa chakula kizuri cha kuku na samaki, na mabaki yao huwa mbolea. Katika Kenya wako wafugaji wengi waliokwisha kuanza kumfuga katika masanduku, wakiyakausha mabuu na kuyasaga badala ya dagaa, ambao bei yao hupanda kila mwaka. Soko kama la Kongowea hutupa kila jioni marundo ya chakula chake. Mtu anayetaka kuanza anahitaji banda lenye kivuli, masanduku, na mayai ya kuanzia. Na akiona mdudu mweusi ametua sandukuni asimfukuze kabla ya kumhesabu mabawa.